Milimita 7

Shangazi alinikabidhi ile bahasha ya kaki kama anayekabidhi barua ya mahakama. "Nisomee, mwanangu. Ni Kizungu kitupu."

Ndani mlikuwa na ripoti ya picha zake za mionzi. Nilipofika kwenye ini nikakuta neno "unremarkable". Nikamwambia ini lake halina la kutajika. Akanuna. "Miaka yote hii linanitumikia, leo halina la kutajika?" Kumbe kwa wasomaji wa picha za mionzi hakuna sifa iliyozidi hiyo. Kiungo kizima hakiandikiwi mengi.

Maneno huwekwa akiba kwa penye kasoro. Kwenye pafu la kulia, sehemu ya juu, palikuwa na kinundu cha milimita 7, cha mviringo, kingo laini, kisicho na chokaa ndani. Aliyeandika hakutaja saratani wala kifua kikuu, ingawa naamini vyote vilimpitia kichwani. Aliandika alichokiona; maoni yake akayatenga mwishoni kabisa, chini ya kichwa "Impression".

Kiingereza hiki kina ngazi zake za shaka. "Consistent with": kilichoonekana kinaafikiana na ugonjwa fulani. "Suggestive of": kinaashiria tu. "Cannot be excluded": mlango haujafungwa. Kwa picha za matiti, ngazi hizo zimetiwa hata namba. Mwaka 1993 chama cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani kilitoa mfumo wa BI-RADS, maana kila daktari aliandika kwa maneno yake na msomaji akabaki hajui afanye nini. Leo daraja la 3 maana yake uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2. La 5, ni asilimia 95 au zaidi.

Wapo wanaoigeuza tahadhari hii kichaka cha kujifichia: "cannot be excluded" mara nne ukurasa mmoja, hadi daktari anayesubiri majibu haambulii kitu. Huyu wa Shangazi alishauri kipimo kirudiwe baada ya miezi 6, basi.

Tukarudi. Safari hii picha ilisomwa na mtu mwingine, asiyemjua Shangazi wala mwandishi wa kwanza. Alichorithi ni zile sentensi. Angekuta pameandikwa "kinundu kidogo", angelinganisha na nini? Alikuta 7, akapima, akaandika 7.

Ini bado halina la kutajika.