Sinema ya Mwana wa Mfalme wa Zamunda na Ile Iliyoifuata

Watu wa Kinondoni, Sinza na Magomeni, na wenzao wa Temeke, Tandika na Mbagala, wanayajua sana maneno haya: "sehemu ya pili". Miaka ya 2000, wachezaji wa sinema wa Dar es Salaam walipokuwa wakiuza michezo yao katika diski, mara nyingi hadithi moja ya mapenzi ilikatwa katikati ikauzwa mara mbili. Mtu alikwenda Kariakoo akanunua diski ya kwanza, akaitazama nyumbani pamoja na jamaa zake, hata pale mke aliposikia mlango unabishwa, mara picha ikakatika. Akitaka kujua ni nani aliyebisha, na atoe fedha tena. Biashara ile ya diski imefifia sana, kwa maana watu sasa hutazama katika simu na televisheni. Walakini mazoea yale yaliwafanya watazamaji wetu kuwa waamuzi wakali, nasi twaona ukali wao ni wa haki.

Hapa twataka kuutumia ukali huo juu ya sinema mbili za Marekani zilizotungwa juu ya nchi ya Kiafrika isiyokuwapo duniani. Kosa lao si lile la Kariakoo. Kwetu hadithi ilikatwa kabla ya kwisha. Kule hadithi ilikwisha vema, watu wakaenda zao wameridhika, na baada ya miaka 33 ikaamshwa usingizini.

Ya kwanza, Coming to America, ilitoka mwaka 1988, nayo iliongozwa na John Landis. Eddie Murphy ni Akeem, mwana wa mfalme wa Zamunda. Ametimiza miaka 21, na wazazi wake wamemwekea mchumba aliyefundishwa tangu utoto kumtii tu. Akeem amwuliza apenda nini. Yeye ajibu kwamba apenda lolote apendalo bwana wake. Akeem amwamuru abweke kama mbwa, naye abweka. Aruke kwa mguu mmoja, naye aruka. Basi kijana aomba ruhusa ya kusafiri, akaenda na rafiki yake Semmi mpaka Queens katika jiji la New York, kwa kuwa jina la mahali hapo maana yake ni malkia, naye atafuta malkia. Huko aficha cheo chake, apanga chumba kibovu, apiga deki katika mkahawa wa Bwana Cleo McDowell, na ampenda Lisa, binti wa mwenye mkahawa.

Wengi huikumbuka sinema hii kwa vichekesho vyake tu. Sisi twaona nguvu yake iko kwingine. Tazameni hao baba wawili. Mfalme wa Zamunda amchagulia mwanawe mke. Na Bwana McDowell, akaaye katika nchi ijivuniayo uhuru, awatangazia wageni uchumba wa binti yake na kijana wa nyumba yenye utajiri wa mafuta ya nywele, wala hakumwuliza binti neno. Kwa hiyo anayechekwa si Mwafrika peke yake. (Kweli ile Zamunda, ambayo tembo hupita nje ya dirisha la jumba la mfalme, ni Afrika ya watu wasiofika Afrika, hata picha zenyewe hazikupigwa huku, wala za sinema ya pili.) Lisa apojua kwamba amedanganywa, akasirika kama impasavyo mtu mwenye heshima yake. Ndani ya gari la moshi Akeem yu tayari kuutupa ufalme mbele ya abiria wote, na Lisa bado akataa, ashuka, aenda zake. Twaipenda sana nafasi hiyo. Mtungaji mvivu angalimfanya akubali palepale. Hata siku ya arusi huko Zamunda, utaji uinuliwapo, ndipo Akeem aonapo kwamba bibi arusi ni Lisa.

Hapo pangalitosha.

Ya pili, Coming 2 America, iliongozwa na Craig Brewer, ikatolewa tarehe 5 Machi 2021 na kampuni ya Amazon kwa watazamaji wa majumbani, maana ulikuwa wakati wa UVIKO-19. Akeem sasa ana mabinti watatu, na sheria ya Zamunda haimruhusu mwanamke kurithi kiti. Jemadari Izzi, mtawala wa nchi jirani, atisha vita. Ndipo yavumbuliwapo ya kuwa Akeem ana mtoto wa kiume huko Queens, jina lake Lavelle, aliyezaliwa na mwanamke aitwaye Mary, kwa usiku mmoja wa safari ile ya zamani. Na usiku huo Akeem alikuwa amelewa bangi hata hakumbuki.

Jambo hili ndilo lituudhilo kuliko yote. Sinema ya kwanza yote ilisimama juu ya mtu aliyekataa kumtwaa mwanamke asiye na hiari. Sinema ya pili yachimba msingi wake katika usiku ambao mtu yule yule hakuwa na hiari, kisha yatutaka tucheke. Tuligeuze kidogo: angalikuwa Lisa aliyeleweshwa akaamka hajui lililompata, ni nani angalicheka? Na mchumba wa kwanza, yule aliyebweka? Jina lake ni Imani, jina litolewalo kwa mabinti wengi nchini mwetu. Twamkuta tena baada ya miaka 30, bado arukaruka kwa mguu mmoja, bado abweka, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache. Mwaka 1988 kichekesho hicho kiliwaaibisha waliomlea hivyo. Sasa kinamwaibisha yeye.

Iko njia nyingine ya kuipima. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam kulikuwako wafasiri waliosimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili, wakitia na mizaha yao, kama Lufufu aliyejulikana sana. Mpe mtu wa namna hiyo sinema ya kwanza: hata akiuacha kila mzaha wa Kiingereza, hadithi itabaki, maana mtu aliyeficha cheo chake ili apendwe mwenyewe aeleweka Tandika kama aelewekavyo New York. Mpe ya pili, naye atalazimika kusema kila mara, "Huyu mlimwona zamani, na hili lilisemwa zamani." Wazee wa kinyozi wamerudi, mwimbaji mwenye majivuno amerudi, na wote wafanya yale yale.

Hatusemi haina jema. Mavazi yake, yaliyobuniwa na Ruth Carter, yapendeza macho. Nomzamo Mbatha wa Afrika Kusini acheza Mirembe, kinyozi wa jumba la mfalme, kwa utulivu unaolifaa jina hilo, maana kwa Kiganda ni amani. James Earl Jones, mfalme mzee, ataka maziko yake yafanywe naye yu hai ili ayaone. Na kwa kuwa mchezaji huyo alifariki Septemba 2024, mahali hapo pana huzuni ambayo mtungaji hakuikusudia.

Lakini hadithi njema ilikuwamo mikononi mwao. Ni ya Meeka, binti mkubwa, aliyejizoeza vita na utawala tangu utoto, kisha aona kijana asiyejua hata mila za nchi ashushwa katika ndege ili arithi. Watu wetu hawahitaji mfasiri kwa jambo hilo. Ni nani kati yetu asiyepata kuliona matangani: binti aliyemwuguza baba na kulima shamba miaka yote akaa jikoni na wapishi, na mtoto wa kiume ambaye hakuna aliyemjua afika kwa basi la asubuhi, akawekewa kiti mbele pamoja na wazee? Sinema yamwacha Meeka pembeni, yahangaika na uchumba wa Lavelle na Mirembe, na hata karibu na mwisho ndipo Akeem abadilipo sheria akampa binti haki yake. Twalitaka kumwona Meeka akibishana na baba yake, na mama yake Lisa, aliyekataa ufalme ndani ya gari la moshi, akisimama upande wake.