Magamba ya Chuma na Cheche ya Leza

Bati la chuma lililofinyangwa kiwandani likiwa bado la moto hufika kwa mafundi wa Katwe, hapa Kampala, likiwa limevaa ngozi ya bluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Ukilikunja, ngozi hiyo hubanduka vipande vipande kama magamba ya ngege. Fundi huyaondoa kwa brashi ya waya au grinda kabla ya kuchomelea, kwa kuwa mshono haushiki vizuri juu yake. Kwa leza yenye mipigo mikali, gamba la namna hiyo, hata lile dogo lisiloonekana kwa macho, ndilo linaloamua cheche itaanzia wapi.

Mwaka 1973 wanafizikia wa Kisovyeti Barchukov, Bunkin, Konov na Prokhorov walieleza jambo lililokuwa gumu kuamini. Hewa safi huvumilia mwanga wa leza ya kaboni dayoksaidi, ambao wimbi lake lina urefu wa mikromita 10.6, mpaka ufikie wati bilioni moja na zaidi kwa sentimita ya mraba. Hapo hewa hupasuka: huacha kuzuia umeme, huwaka kwa weupe mkali na kutoa mlio, kama radi za Ziwa Nalubaale zilizofinywa zikaenea kiganjani. Lakini weka kipande cha chuma mbele ya mwanga huo, na hewa iliyo jirani yake hupasuka kwa wati milioni 10 hadi 100 tu.

Kwa shaba safi, hesabu inakataa kabisa. Shaba hurudisha takriban asilimia 99 ya mwanga huo. Imulike kwa wati milioni 10 kwa sentimita ya mraba, kwa mikrosekunde moja. Ile asilimia moja inayoingia hugeuka joto na kuzama mikromita kumi hivi kabla mpigo haujaisha, na uso hupanda kwa digrii 30 tu. Shaba huchemka kwenye digrii 2,562. Mwanga nao hauwezi kuing'oa elektroni ya hewa moja kwa moja, maana fotoni yake ina elektronivolti 0.117 na molekuli ya oksijeni inadai 12. Zingetakiwa fotoni zaidi ya mia, zote zipige kwa pamoja.

Sasa chukua gamba la shaba hiyohiyo lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya mikromita, limeshikwa na uso kwa ncha moja, kama ukucha uliong'oka nusu. Joto halina pa kukimbilia. Kwa mpigo uleule, hesabu yangu ya mkono inalipeleka karibu digrii 2,900. Nimeacha nishati inayotumika kugeuza shaba kuwa mvuke, lakini nimeacha pia kwamba shaba inapopata moto hunyonya mwanga zaidi, kwa hiyo siionei haya hesabu hiyo. Gamba linachemka huku shaba iliyo chini yake ikiwa vuguvugu.

Mvuke wake ndio mlango. Atomu ya shaba huachia elektroni kwa elektronivolti 7.7, chini sana ya oksijeni. Elektroni chache zilizokwisha kutoka husukumwa na mwanga, hugongana na atomu na kuchota nguvu kila zinapogongana, mpaka moja inang'oa ya pili. Mbili huwa nne, nne huwa nane. Plazima ikishawaka ndani ya mvuke, huamsha hewa ya jirani. Kisha hewa hiyo yenyewe huanza kuunywa mwanga, na chuma hubaki nyuma ya pazia.

Ndiyo maana nayatilia shaka majedwali yanayotaja kizingiti cha shaba au alumini kwa namba moja bila kusema uso ulisuguliwa vipi. Namba hiyo ni ya gamba dhaifu kuliko yote lililokuwa chini ya mwanga siku ile.

Kwa warsha, tofauti ya mashine ina uzito. Anayechomelea kwa leza ya kaboni dayoksaidi hupuliza heli, kwa sababu atomu yake hukatalia elektroni zake mpaka elektronivolti 24.6, na pazia la plazima haliwi zito. Mashine nyingi mpya za kukatia bati zinatumia leza ya nyuzi za kioo, ambayo wimbi lake ni la mikromita moja hivi. Plazima hulinyonya mara mia pungufu. Huko gamba huleta taabu nyingine: hubanduka njiani na kuuchafua mkato, na ndiyo maana waendeshaji hupenda bati lililooshwa kwa asidi na kupakwa mafuta.

Ukitaka kuyaona magamba yakifanya kazi, piga mahali pamoja pa shaba mara kumi kwa mpigo wa nguvu ileile. Mipigo ya kwanza hutoa cheche. Kisha magamba yanakwisha, cheche zinapungua, na itabidi uongeze nguvu ili uzipate tena. Sogeza shaba milimita chache, mahali ambapo mwanga haujafika, na cheche inarudi kwa mpigo wa kwanza.