Haramia Anasema Lugha Gani?
Tathmini ya maonyesho ya filamu yanayoshirikisha hadhira, kwa kuangalia Luzira

Utangulizi

Wanafunzi wetu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha upande wa Luzira wameleta wazo ambalo limezua mjadala idarani. Wanataka kukodi ukumbi, waonyeshe filamu ya maharamia wa baharini, na kila atakayeingia avae kama haramia: kitambaa kichwani, jicho moja limezibwa, upanga wa mbao kiunoni. Hadhira isikae kimya. Ijibizane na wahusika, iimbe, ishangilie. Baadhi ya wenzetu wameliona jambo hili kuwa mchezo wa watoto. Wengine wameliona kuwa njia nzuri ya kuwavuta vijana waje kwenye Kiswahili.

Katika makala haya hatuulizi kama onyesho la namna hii lifanyike. Tunaona lifanyike. Tunalouliza ni la kihakiki: ni kitu gani hasa kinachomgeuza mtazamaji kuwa mshiriki, na katika onyesho kama hilo Kiswahili kinatiwa kinywani mwa nani? Dai letu ni kwamba maleba peke yake hayamshirikishi mtu. Lugha ndiyo inayomshirikisha. Na kwa hapa Uganda, ambako Kiswahili kimebebeshwa kwa miaka mingi sifa ya kuwa lugha ya askari na majambazi, kumvalisha mtu uharamia kisha kumpa Kiswahili ni jambo linalohitaji kupimwa.

Ushiriki wa aina mbili

Desturi ya kwenda kutazama filamu ukiwa umevaa kama wahusika wake inajulikana zaidi kutokana na filamu ya The Rocky Horror Picture Show ya mwaka 1975. Ilipotoka haikufanya vizuri sokoni. Mwaka 1976 ilianza kuonyeshwa saa sita za usiku katika ukumbi wa Waverly mjini New York, na huko watazamaji wakaanza kuijibu skrini, kuvaa kama wahusika, na hata kurusha mchele wakati wa tukio la harusi. Mwaka 1999 watu wa London nao walianza kukusanyika kuitazama The Sound of Music huku wakiimba nyimbo zake kwa pamoja. Mambo yote haya yana msingi mmoja: hadhira inaijua filamu kwa moyo. Inasema kinachojulikana mahali panapojulikana. Tunaweza kuuita huu ushiriki wa ukariri.

Afrika Mashariki imekuwa na ushiriki wa aina nyingine, nao umekuwapo bila ya kuhitaji vazi lolote. Katika vibanda vya video vya Kampala yuko mtu anayeitwa VJ. Huyu huipokea filamu ya Marekani, ya China au ya India, akaisimulia kwa Luganda juu ya sauti za wahusika. Hatafsiri neno kwa neno. Huwapa wahusika majina ya hapa, huhamishia matukio kwenye mitaa tunayoijua, humcheka mwoga, humwonya shujaa, na mara nyingine huiacha hadithi kando akasema lake. VJ Jingo na VJ Junior wamejipatia majina makubwa kwa kazi hiyo. Nchini Tanzania, Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliifanya kwa Kiswahili, na Kenya yupo DJ Afro. Nabwana IGG wa Wakaliga naye, katika filamu yake ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, alifika hatua ya kumfanya VJ kuwa sehemu ya filamu yenyewe: sauti ya VJ Emmie ndiyo iliyowafanya watu wa mbali waipende.

Hapa hadhira haiijui filamu. Inaijua lugha na inamjua msimulizi. Huu ni ushiriki wa ufasiri, na mwalimu wa fasihi simulizi hatashindwa kuutambua. Ni fanani na hadhira yake. Msimulizi akisema "Paukwa!" hadhira hujibu "Pakawa!", na kwa jibu hilo moja kila aliyepo amekuwa mwenye hadithi. Hata Wajapani, enzi za filamu zisizo na sauti, walikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, ambao watu wengi walilipa kiingilio kwa ajili ya kuwasikia wao kuliko kwa ajili ya picha.

Hatutaki kuvisifu vibanda kupita kiasi. Mara nyingi sauti ya VJ huimeza sauti ya hadhira, na kibanda kimekuwa mahali pa wanaume kuliko wanawake. Hata hivyo, somo lake kwa wanafunzi wetu ni kubwa. Watu mia moja waliovaa vitambaa kichwani, mbele ya filamu ya Kiingereza ambayo wengi wao hawaikariri, watabaki kuwa watazamaji waliovaa vitambaa. Wakipewa fanani, hata wakiwa na mashati yao ya shule, watakuwa hadhira tendaji.

Lafudhi ya haramia

Tuje sasa kwenye haramia mwenyewe. Haramia wa filamu ana namna yake ya kusema Kiingereza, na watu wanaopenda filamu hizi huiiga kwa furaha. Kuna hata siku yake, tarehe 19 Septemba, ambayo watu husema kama maharamia kwa mzaha. Lakini lafudhi hiyo haikutoka baharini. Imeenezwa zaidi na mwigizaji Robert Newton, aliyeigiza Long John Silver katika filamu ya Treasure Island ya mwaka 1950. Newton alizaliwa Dorset, kusini magharibi mwa Uingereza, akaichukua lafudhi ya watu wa kwao na kuitia chumvi. Tangu hapo, usemi wa wakulima na wavuvi wa sehemu moja ya nchi umegeuka kuwa usemi wa wezi wa baharini duniani kote.

Msomaji wa Uganda hapaswi kupita hapa haraka, kwa kuwa jambo hilihili limetendeka kwetu. Kiswahili kilitumika jeshini, polisi na magerezani tangu zama za ukoloni. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na katika miaka iliyofuata wananchi wengi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kwa mtu mwenye bunduki. Majambazi nao walikitumia kutisha. Matokeo yake ni kwamba hadi leo, katika michezo ya jukwaani na katika utani wa mitaani, anayetakiwa kuonekana mkali au mwizi huwekewa maneno mawili matatu ya Kiswahili kibovu, na watu wakacheka. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sheria inaweza kubadilishwa kwa kura ya siku moja. Masikio ya watu hayabadiliki hivyo.

Luzira inalikuza swali hili. Ni mahali penye gereza kuu la nchi, ambako Kiswahili ni lugha ya amri. Lakini papo hapo ipo bandari ya Port Bell, ambako Kiswahili ni lugha ya kazi: ya mabaharia, wapakuzi na wafanyabiashara wa upande wa Mwanza. Kijana wa Luzira amezisikia sura zote mbili. Tukimwonyesha filamu ambamo haramia peke yake ndiye anayesema Kiswahili, huku binti wa mfalme na waungwana wakibaki na Kiingereza au Luganda, tutakuwa tumeirudisha sura ya kwanza kwa mikono yetu wenyewe, tena kwa gharama ya idara ya Kiswahili.

Kwa hiyo tunapendekeza kanuni moja isiyovunjwa: watu wote ndani ya filamu waseme Kiswahili. Haramia aseme, binti aseme, mtumwa aseme, na fanani aseme kuliko wote. Tofauti zao zioneshwe kwa rejista na si kwa lugha. Haramia apewe majigambo, utanzu ambao tunao tayari na ambao unamfaa kuliko kupiga yowe. Binti apewe lugha ya mafumbo. Baharia wa kawaida apewe msamiati wa kazi.

Maleba na anayechekwa

Kuhusu mavazi tutasema machache. Kasuku begani ametoka katika riwaya ya Treasure Island ya mwaka 1883. Kulabu badala ya mkono imetoka kwa Kapteni Hook wa tamthilia ya Peter Pan ya mwaka 1904. Ni vitu vya kubuni, na kuviiga hakumuumizi mtu. Vipande vya kanga, nyavu kuukuu na maboksi vinatosha. Kitu cha kukwepa kabisa ni nguo yoyote inayofanana na sare ya jeshi, kwa kuwa raia kuivaa ni kosa kisheria.

Tatizo huanza pale filamu inapomtafuta haramia wake karibu na kwetu. Captain Phillips ya mwaka 2013 inahusu meli ya Maersk Alabama, iliyotekwa mwezi Aprili 2009 ikiwa njiani kwenda Mombasa. Ni filamu iliyotengenezwa kwa ustadi, na Barkhad Abdi aliigiza kiongozi wa maharamia kwa namna iliyomfikisha kwenye kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Lakini kuja kwenye filamu hiyo umevaa kama haramia maana yake ni kuja umevaa kama Msomali maskini, katika jiji lenye Wasomali wengi mtaani Kisenyi, ambao watoto wao ni wanafunzi wetu. Hilo si vazi tena, ni kejeli.

Tena Ziwa Nyanza lenyewe lina maharamia. Wavuvi hunyang'anywa injini, nyavu na samaki usiku, na wengine hupoteza maisha. Katika ukumbi wa Luzira huenda akakaa mtu ambaye mtumbwi wa kakake haukurudi na injini. Onyesho linalomtaka mtu huyo amshangilie haramia, bila ya kumpa nafasi ya kumjibu, halimshirikishi. Linamnyamazisha.

Filamu ipi?

Wanafunzi walipendekeza Pirates of the Caribbean ya mwaka 2003. Tunaona haifai, kwa sababu mbili. Kwanza, mchezo wake mwingi umo katika sauti za waigizaji, na fanani atalazimika kushindana nazo. Pili, ina wenyewe. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mwenye kazi haki juu ya kuonyeshwa kwake hadharani, na si jambo la busara kufundisha juu ya maharamia kwa diski ya uharamia. Kiswahili hakikukosea kuwaita wote wawili kwa neno moja.

Tunapendekeza The Black Pirate ya mwaka 1926, aliyoiigiza Douglas Fairbanks. Nchini Marekani imekuwa mali ya umma tangu mwaka 2022. Ni ya rangi, jambo lililokuwa nadra wakati ule, na haina mazungumzo ya kusikika. Kasoro hiyo ndiyo neema yake kwetu: kiti cha fanani kiko wazi tangu mwanzo. Kisa chake ni chepesi kufuata. Kijana ambaye baba yake amekufa kwa ajili ya maharamia anajiunga nao kwa hila ili alipize kisasi, na kuwathibitishia uwezo wake anateka meli peke yake. Tukio linalokumbukwa zaidi ni pale anapochoma tanga kwa jambia na kuteremka nalo kutoka juu hadi chini huku tanga likichanika. Mwalimu aangalie pia kwamba mwanzoni kuna ukatili: mateka aliyemeza pete anapasuliwa ili itolewe. Hauonyeshwi waziwazi, lakini watoto wadogo wataelewa.

Filamu hii inafungua hazina ya Kiswahili ambayo wanafunzi wetu wa bara hawaijui. Lugha yetu ililelewa na majahazi. Hadhira ifundishwe kwanza, kwa robo saa, sehemu za chombo: omo mbele, tezi nyuma, mlingoti, foromali, tanga, ngama. Kisha igawiwe kauli zake. Tanga linapopandishwa, upande wa kulia upaze sauti, "Tweka!" Linaposhushwa, upande wa kushoto ujibu, "Tua!" Chombo kinapoondoka, wote, "Ng'oa nanga!" Kijana aliyeyasema maneno hayo mara kumi huku akitazama kitendo chenyewe hatahitaji kuyakariri kwenye daftari. Na methali isemayo kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, ambayo wengi huijibu kwa kubahatisha katika mtihani, itakuwa na mwili.

Mwishowe, filamu ikimalizika watu wasitawanyike. Liitwe baraza. Maharamia waliobaki wasimamishwe, na hadhira, ikiwa bado na maleba yake, iwahukumu: nani aliiba kwa tamaa, nani alilazimishwa, na yule kijana aliyelipiza kisasi kwa kuteka meli za watu wasio na hatia naye aitweje? Hapo mvuvi wa Luzira atapata nafasi yake ya kusema.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba onyesho la kushirikisha hadhira hupimwa kwa kauli ambazo watu wanapewa, na si kwa wingi wa panga za mbao. Wanafunzi wetu wana wazo zuri. Walipe fanani aliyejiandaa, filamu yenye nafasi ya sauti yake, na Kiswahili kwa kila mhusika. Walimu watakaojaribu onyesho hili katika shule zao tunawaomba watuletee taarifa kwa ajili ya toleo lijalo, hasa kuhusu jambo moja: binti wa mfalme alipofungua kinywa na kusema Kiswahili fasaha, je, kuna aliyecheka?