Tazama Utambi, Usitazame Upanga

Filamu ya samurai ikianza, macho ya watu wote huenda kwenye upanga. Mtu anayetaka kujua kama mwongozaji anaijua vita anayoisimulia aachane na upanga huo. Asubiri bunduki itokee, kisha autazame utambi.

Bunduki za Japani ya karne ya 16 zilikuwa magobore ya utambi. Wareno walizifikisha kisiwani Tanegashima mwaka 1543, wahunzi wa Kijapani wakaziiga, na haikuchukua muda kila bwana wa vita akawa nazo. Utambi ni kamba inayofukuta polepole, imebanwa kwenye koleo dogo kando ya mtutu. Ukivuta kifyatulio, koleo linaangukia kibakuli cha baruti, ndipo bunduki inalia. Kwa hiyo mpiga gobore anatembea na moto vita nzima, karibu na baruti yake mwenyewe. Mwigizaji akiinua gobore lisilo na hata cheche, na risasi ikatoka, hapo nimeshampunguzia alama. Nampunguzia tena akiliegemeza begani. Kitako cha gobore la Kijapani ni kifupi, hushikwa kando ya shavu. Begani ni mazoea ya filamu za makauboi.

Baada ya hapo, hesabu muda. Kumimina baruti, kutia risasi, kushindilia kwa mdeki, kutia baruti laini kwenye kibakuli, kukifunika, kuupanga utambi upya: askari aliyefunzwa vizuri anahitaji sekunde 20 hadi 30. Farasi wa mbio anamaliza mita 200 kwa muda usiozidi huo. Ukishalielewa hilo, utaelewa kwa nini kwenye vita ya Nagashino, mwaka 1575, mabwana wa vita Oda Nobunaga na Tokugawa Ieyasu waliwaweka wapiga bunduki wao nyuma ya uzio wa magogo. Bila uzio, baada ya risasi ya kwanza wangekanyagwa.

Akira Kurosawa aliiweka vita hiyo mwishoni mwa *Kagemusha* (1980). Uzio upo, moshi upo, na wapanda farasi wa adui, ukoo wa Takeda, wanaingia wimbi baada ya wimbi. Lakini wakati wa mauaji kamera inageukia nyuso za makamanda wanaotazama. Sisi tunasikia milio tu, kisha tunaonyeshwa uwanja uliojaa watu na farasi wanaogaagaa. Kwa mchezo wa kuigiza, sijaona bora. Kwa historia, ninasita. Vita yenyewe ilichukua saa nyingi, watu wa Takeda nao walikuwa na bunduki zao, na ile habari maarufu ya safu tatu zinazopokezana risasi wanahistoria wengi wa leo wanaitilia shaka. Filamu inayoonyesha safu tatu zikifyatua kama mashine imefuata hadithi iliyonogeshwa baadaye.

*Ran* (1985) ni ya kubuni, lakini bunduki zake zina akili. Ngome inateketea huku tukisikia muziki peke yake, hakuna sauti ya vita. Ghafla mlio mmoja wa bunduki unarudisha kelele zote, na mtoto mkubwa wa Hidetora, bwana wa vita mzee, anaanguka, amepigwa na mtu wa ndugu yake. Mauaji ya kuvizia kwa bunduki hayakuwa mageni zama zile.

Ya kukataa kabisa ni *The Last Samurai* (2003), ijapokuwa mavazi yake yamenyooka. Waasi wake wanaidharau bunduki na kukimbilia risasi wakiwa na pinde na panga. Uasi halisi wa Satsuma, mwaka 1877, uliongozwa na Saigo Takamori, jenerali wa zamani wa jeshi lile lile la serikali. Watu wake walikuwa na bunduki na mizinga, wakaizingira ngome ya Kumamoto. Panga zilishika nafasi kubwa zaidi kadiri risasi zilivyowaishia. Na waliokuwa wakilifundisha jeshi la serikali ni Wafaransa, si kapteni wa Kimarekani kama kwenye filamu. Samurai hakuichukia bunduki. Kwa zaidi ya miaka 300 alikuwa akiinunua, akiiagiza, akiifanyia mazoezi.

Ndiyo maana kipimo changu kinabaki *Seven Samurai* (1954). Majambazi wanaokivamia kijiji wana magobore matatu tu, na mpango mzima wa samurai wanaokilinda unazunguka hayo matatu. Kyuzo, samurai aliye fundi wa upanga kuliko wenzake wote, anatoka usiku peke yake, anarudi alfajiri na moja, analikabidhi, analala. Samurai wanne wanakufa katika filamu hiyo. Wote wanne kwa risasi. Pambano la mwisho ni la mvua kubwa, na mvua ni adui wa utambi. Kurosawa amemweka kiongozi wa majambazi ndani ya nyumba, chini ya paa, ndipo akamruhusu afyatue.