Kagera Yote kwa Rangi Tatu

Ramani ya halmashauri nane za Mkoa wa Kagera inatoshwa na rangi tatu bila majirani wawili kufanana. Mwanzo mzuri ni Biharamulo, kwa kuwa ndiko kunakobana. Biharamulo, Ngara na Karagwe zinapakana zote tatu, hivyo kila moja inadai rangi yake. Muleba haigusani na Ngara, basi inavaa rangi ya Ngara, na Missenyi vilevile. Bukoba Vijijini na Kyerwa zinachukua ya Biharamulo. Manispaa ya Bukoba inabaki na ya Karagwe. Kenneth Appel na Wolfgang Haken walithibitisha mwaka 1976, kwa msaada wa kompyuta, kwamba ramani bapa yoyote yenye maeneo yasiyokatika vipande haihitaji zaidi ya rangi nne. Sisi tumebakiza moja.

Kupaka kwenyewe ni kwepesi. Katika programu ya kuchora ya Inkscape unachagua Biharamulo, unashika Shift na kubofya Kyerwa na Bukoba Vijijini, kisha unabofya rangi kwenye paleti iliyo chini ya dirisha. Maumbo yote matatu yanajaa mara moja. Ukibofya rangi huku umeshika Shift, inakwenda kwenye mistari ya ukingo.

Ila hapo ndipo wachoraji wengi wanapoishia, na ndipo kazi inapoharibika. Paleti ya kawaida hulipa umbo namba za rangi, halafu uhusiano unakatika. Kesho ukiibadilisha paleti, ramani haitikisiki. Kinachotakiwa ni sampuli ya rangi inayohifadhiwa ndani ya faili lenyewe: kila umbo linaielekea, na ukiihariri mara moja, yote yaliyofungwa nayo yanabadilika. CorelDRAW hufanya hivyo kwa mitindo ya rangi. Sampuli hizo ziite “kundi la kwanza”, “la pili”, “la tatu”. Ukiiita “kijani”, siku utakapoigeuza kahawia jina litampotosha atakayekufuata.

Mipaka yetu haikai tuli. Mwaka 2012 Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe, na Chato, ambayo awali ilikuwa sehemu ya Biharamulo, ikahamia Mkoa mpya wa Geita. Kwenye faili lililofungwa vizuri, Kyerwa inakatwa na kupewa kundi la Biharamulo, Chato inapelekwa kwenye kijivu cha mikoa jirani, na kazi imekwisha.

Kuchagua rangi zenyewe kunahitaji uangalifu zaidi, maana ramani nyingi za ofisini huishia kwenye fotokopi. Usiziamini namba za mwangaza zinazoonyeshwa na programu. Manjano kamili na buluu kamili zote husomeka asilimia 50 kwenye kipimo cha HSL, lakini fotokopi huitoa manjano karibu nyeupe na buluu karibu nyeusi. Kijani na nyekundu nazo huweza kutoka kijivu kilekile. Fungua mwonekano wa kijivu ndani ya Inkscape kabla ya kuchapa. Rangi zako tatu zikisomeka humo, zitasomeka hata kwenye mbao za matangazo za vijijini.

Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyozinduliwa mwaka 2019 ikiwa na kilomita za mraba 4,707, haimo kwenye hesabu hii. Imetanda juu ya wilaya kadhaa, kwa hiyo haistahili rangi ya nne. Iweke kwenye tabaka la juu, ijazwe mistari ya mshazari badala ya rangi, ili mpaka wa Biharamulo na Muleba uendelee kuonekana chini yake.