Insafu ya Kalamu

Katika kazi ambazo mwanadamu amejaaliwa kuzifanya kwa mkono na akili yake, sijui ni ipi inayodai moyo mwadilifu kuliko kazi ya mtungaji wa nathari. Kwa maana mshairi, ajapopungukiwa na hoja, ana vina na mizani vya kumshika mkono, na mwimbaji ana ala na sauti, ilhali mwandishi wa hadithi hana cha kuegemea ila mpango wa maneno yake na insafu yake juu ya wale anaowaeleza. Fikira hii imenijia kwa nguvu baada ya kusoma, kimoja nyuma ya kingine, vitabu vitatu juu ya wanawake watatu wa Visiwani: Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, uliotoka mwaka 1958, Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976, na Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999. Vimetengana kwa miaka 41, na kwa mtindo vimeachana mbali zaidi, lakini kila kimoja kimebeba swali lile lile: mtu ambaye mji umekwisha kumhukumu atatendewaje haki na kalamu?

Shaaban Robert, Mtanga aliyekuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, hafichi hukumu yake hata kidogo. Siti wake ni binti wa wafinyanzi wa Fumba, aliyekuwa akitembea kwa miguu kuja kuuza vyungu mjini, akapewa na Mola sauti ambayo mwaka 1928 ilimvusha bahari hadi Bombay kuimba katika sahani za santuri, jambo ambalo hapana mwanamke wa Afrika Mashariki aliyemtangulia kulifanya. Mwandishi anamsifu kwa taadhima, sifa juu ya sifa, na mwanzo nilihisi kwamba sifa hizo zimepindukia kadiri. Hata nilipokumbuka jinsi mwanamke yule alivyosimangwa kwa sura na kwa nasaba, akajibu kwa wimbo uliotanguliza akili mbele ya vyote viwili, ndipo nilipoelewa tadbiri ya mwandishi. Dharau iliyonenwa hadharani haijibiwi kwa kunong'ona. Watu waliompima Siti kwa vigezo vya fahari walistahili kuelezwa kwa lugha ya fahari ile ile, na katika kumvika binti wa mfinyanzi maneno ambayo desturi iliwawekea wafalme na masharifu, Shaaban Robert alifanya kazi ya kadhi aliyemrudishia mtu mali yake iliyodhulumiwa.

Mohamed Suleiman Mohamed ameshika njia nyingine. Rehema amezaliwa na rangi ambayo baba yake, Fuad, mtu wa mashamba na nasaba, hakuitarajia, na kwa ajili hiyo anafungiwa moyo wa mzazi kabla hajajua kosa ni nini. Mwandishi hatusimamishi njiani kutuambia kwamba ghururi ya nasaba ni uovu. Hutuwekea nyumba, shamba, macho ya watu na maneno yanayokatizwa, akatuacha tukae na mtoto huyo katika ukiwa wake hata hasira yetu ikomae yenyewe. Mara kadhaa niliweka kitabu chini, kwa sababu moyo wangu ulitaka kumkemea mtu ambaye mwandishi alikuwa bado anamtazama kwa utulivu. Utulivu huo ni kazi ngumu mno. Mtungaji anayemwonea imani mhusika wake hupata kishawishi cha kulia kabla ya msomaji, na akishalia yeye, msomaji huona deni limekwisha kulipwa. Huyu amejizuia, akaliacha deni shingoni mwetu. Na Rehema anapokutana na Sulubu, mtu wa jembe, mapenzi yao hayakupambwa kwa maneno ya asali. Yamesimama juu ya kazi na staha, nami nikayasadiki.

Kwa Adam Shafi mambo hujiendesha kwa mazungumzo na kwa mwendo wa vichochoro. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, ameozwa Raza, mwenye duka wa miaka 52. Anapoikimbia ndoa hiyo, jamaa zake humfungia milango, na anayemfungulia ni Mwajuma, shoga yake mpenda taarabu, mtu ambaye wenye heshima zao wasingemkaribisha barazani. Kisha huja Denge, kijana anayewindwa na askari wa Mwingereza, na mapenzi yanafungamana na siasa hata huwezi kuyabandua. Kilichonishika zaidi ni Mwajuma. Kwa mwandishi mwingine angekuwa kichekesho au onyo. Hapa ana ulimi wake, karamu zake, makosa yake, na ukarimu usiongoja kushukuriwa. Tena hata Raza, ambaye ingekuwa rahisi kumfanya dubwana, nilijikuta nikimsikitikia, mtu mzima aliyenunua alichodhani ni faraja, akabaki na upweke wake. Insafu ya Adam Shafi ni kumpa kila mtu nafasi ya kusema kwa kinywa chake.

Wako wasomaji, na hoja yao si dhaifu, wanaotaka kitabu kitoe funzo waziwazi, kwa sababu wakubwa wetu walitunga ili kuadilisha. Lakini vitabu hivi vitatu vyaadilisha vyote, kila kimoja kwa namna iliyofaa jambo lake: sifa ya wazi ilimfaa aliyedhihakiwa kwa wazi, kimya kilimfaa aliyeumizwa nyumbani, na sauti nyingi zilimfaa aliyevutwa huku na huku. Kujua ni ipi inayostahili wapi ndiyo ilmu ya mtungaji, na ilmu hiyo haipatikani kwa wingi wa msamiati peke yake. Mwenye ufasaha bila ya insafu atatuachia sentensi nzuri juu ya watu asiowajua. Mwenye vyote viwili hutufunza kungoja kabla ya kumhukumu jirani, na kwa fadhila hiyo mimi nawahesabu waandishi hawa watatu kuwa walimu wangu.