Ufundi wa Bustani ya Jangwani

Anayepita mitaa ya Tucson, jimboni Arizona, mwezi wa Machi huona maua tu. Popi za rangi ya dhahabu zimetanda juu ya changarawe, lupini za zambarau zimejipenyeza katikati yake, na mipungate mifupi yenye miiba tele imefunua maua ya rangi ya waridi iliyokolea. Kazi yenyewe haionekani, kwani ilimalizika Oktoba na Novemba.

Huo ndio msimu wa kupanda katika jangwa la Sonora. Mbegu ya popi ni ndogo mno, hivyo huchanganywa na mchanga mkavu isije ikamwagika mahali pamoja. Mtunza bustani huparuza udongo kwa reki, hutawanya, kisha hukanyagakanyaga. Akiifukia sana haioti. Samadi haweki, maana rutuba ikizidi, majani hunawiri na maua hupungua. Baada ya hapo ni kungojea mvua za kipupwe, rasharasha zinazolowesha taratibu, na zikikawia, kumwagilia kidogo.

Mpungate nao una masharti yake. Kabla ya kuung'oa ili kuuhamisha, fundi hutia alama upande ulioelekea kusini, na anapoupanda huuelekeza vilevile. Ngozi iliyozoea kivuli ikigeuziwa jua kali huungua, na kovu lake halifutiki. Mizizi iliyokatika huachwa kivulini siku kadhaa mpaka majeraha yakauke; ikiwahi maji, huoza.

Malipo huja kwa zamu. Kati ya Aprili na Mei huchanua mpungate bapa, jamii ile ile iliyovamia malisho ya Laikipia, nchini Kenya. Gusa kwa kidole stameni za ua lake la manjano, nazo hujikunja kuelekea katikati. Nyuki anayetua humo huzama, akatoka amepakaa chavua mwili mzima. Kisha huja zamu ya saguaro, mpungate unaoweza kupita mita 12. Ua lake jeupe hufunguka usiku, likahudumia popo, njiwa na nyuki, na kufunga mchana unaofuata. Aliyeupanda ungali mche husubiri miongo kadhaa kuliona la kwanza.

Kwangu, fundi hasa hujulikana popi zinapokauka na bustani kuonekana imetelekezwa. Mwenye pupa hufyeka. Fundi huziacha zisimame na ukavu wao mpaka maganda yapasuke, yarushe mbegu yenyewe.